Rimoti Kabla ya Ndege

Juma hili naomba tuzungumzie ndege ndogo za mfano, zile zinazorushwa na mtu aliyesimama chini akiwa na rimoti mkononi. Najua wapo watakaosema mzee huyu ameishiwa na la kusema, bei ya unga inapanda naye anatuletea habari za vidude vya watoto. Naomba mnivumilie, maana habari yenyewe haianzii kwa watoto, na sehemu yake moja kubwa ilitokea hapahapa nchini kwetu.

Jumapili moja jioni, katika kiwanja cha mpira kilicho nyuma ya nyumba tunazokaa hapa Mtoni, kijana wa jirani yangu alitoa nje ndege aliyoletewa na mjomba wake kutoka Muscat. Mabawa yake kutoka ncha hadi ncha yalikuwa kama mita moja na nusu. Puani ilikuwa na mota ya umeme na pangaboi la plastiki ngumu. Watoto wakajaa, kama ilivyo ada. Ndege ikakimbia ardhini, ikanyanyuka vizuri tu, halafu ikaanza kulalia kushoto. Kijana akasukuma kijiti cha rimoti kulia ili ainyooshe. Ikazidi kulalia kushoto. Akasukuma zaidi, nayo ikazidi zaidi, mpaka ikageuka tumbo juu, ikapita baina ya watoto wawili na kujikita kwenye ukuta wa choo. Kipande cha pangaboi tulikiokota hatua kumi na mbili kutoka pale. Hakuna aliyeumia. Mama mmoja alikuja akamshika mwanawe mkono, akaondoka naye bila kusema neno, na kule kutosema kwake kuliniuma kuliko kama angetutukana.

Jioni ile nilimwita kijana barazani. Akaniamkia kwa adabu, nikamwitikia, kisha nikamuuliza aliitayarisha vipi rimoti yake kabla ya kurusha. Akanijibu, "Mzee, niliweka betri mpya."

Jibu lile sikulicheka. Watu wengi, na baadhi yao wataalamu wakubwa, walikwisha kulijibu swali hilo kwa namna hiyohiyo, nao walilipa gharama kubwa zaidi ya pangaboi.

Tuanze karibu na nyumbani. Barabara ya Kilwa inayopita hapa Mtoni, ukiifuata kupitia Mbagala na Mkuranga, itakufikisha Kibiti, na kutoka Kibiti utashuka hadi kwenye mikoko ya Delta ya Rufiji. Humo, mwishoni mwa mwaka 1914, ilijificha manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeanza. Tarehe 8 Agosti mwaka huo meli ya Kiingereza Astraea ilikuwa imefika Dar es Salaam na kuushambulia kwa mizinga mtambo wa redio wa Wajerumani, kwa sababu kila upande ulikwisha kutambua kwamba mwenye redio ndiye mwenye macho marefu. Tarehe 20 Septemba Königsberg ikajibu mapigo kwa kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetia nanga Unguja. Kisha ikaingia Rufiji, ikajifunika kwa matawi, ikanyamaza.

Waingereza walijua kwamba imo mtoni, lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi, na kutoka baharini hawakuona chochote ila miti. Wakaleta ndege. Za kwanza ziliwaaibisha, kwani joto na unyevu wa pwani yetu viliharibu gundi na kupinda mbao, na mashine zikashindwa kupanda juu vya kutosha. Ikabidi ziletwe nyingine, na kiwanja cha kurukia kikatayarishwa kisiwani Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka Januari 1915.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Zililetwa meli mbili bapa zenye mizinga, Severn na Mersey, ambazo zingeweza kuingia mtoni. Mizinga yake ingepiga kwa kuvusha risasi juu ya msitu, bila wapigaji kuiona shabaha. Macho yao yangekuwa ndege, na sauti ya ndege ingekuwa redio. Mtu aliyekaa na rubani angetazama risasi inapoangukia, kisha agonge alama kwa mtambo mdogo wa kurushia mawimbi: mbele kidogo, nyuma kidogo, kushoto, kulia. Mitambo ya ndege wakati ule ilikuwa ya kurusha tu, haikuweza kupokea jibu.

Tarehe 6 Julai 1915 wakajaribu. Zikatupwa risasi zaidi ya 600, na zilizoipata Königsberg zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Je, ndege ilikosekana? La hasha, ilikuwepo. Mtambo nao ulifanya kazi. Kilichoharibu ni kwamba meli zote mbili zilikuwa zikipiga kwa wakati mmoja, na mtu aliye juu alipoona maji yakiruka hakuweza kujua ni risasi ya nani. Akigonga "sogeza kulia," Severn inadhani imeambiwa yenyewe, na Mersey vilevile. Maelekezo yaliyo sahihi yakawafikia watu wasiohusika, na matokeo yake yakawa upotofu mtupu.

Walirudi, wakakaa siku chache, wakabadili jambo moja: meli moja ipige, nyingine isubiri. Tarehe 11 Julai wakaingia tena. Ndege ilikuwa ya aina ya Henri Farman, rubani akiwa John Cull na mgonga redio akiwa Harwood Arnold. Safari hii kila alama aliyogonga Arnold ilikuwa na mwenyewe mmoja tu wa kuipokea. Risasi zikaanza kusogea, zikafika. Katikati ya kazi, mizinga ya Königsberg ikaipiga mashine ya ndege. Ndege ikawa inashuka bila nguvu, na Arnold akaendelea kugonga masahihisho huku wanashuka, mpaka wakaangukia mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Königsberg ikawaka moto, na kapteni wake, Max Looff, akaamuru ilipuliwe.

Kwa kupita tu, mizinga kumi ya meli ile iliopolewa, ikawekewa magurudumu Dar es Salaam, ikaburutwa vitani nchi nzima kwa nguvu za mikono ya wapagazi wa Kiafrika. Mmoja umesimama hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Majina ya Cull na Arnold mtayakuta vitabuni kwa urahisi. Ya wale walioivuta mizinga ile milimani, jaribuni kuyatafuta.

Nimelisimulia hilo kwa urefu kwa sababu kati ya tarehe 6 na tarehe 11 hawakuleta ndege bora wala redio yenye nguvu zaidi. Walikaa chini wakapatana nani atasikilizwa, na alama gani ina maana gani kwa nani. Hayo ni matayarisho ya rimoti, ingawa neno lenyewe halikuwepo.

Katika Rufiji mtambo wa kurusha ulikuwa angani na wa kupokea ulikuwa chini. Ili tupate ndege ya kijana wa Mtoni, ilibidi mambo yageuzwe: mtu abaki chini akirusha, ndege ipokee na kutii. Wazo lenyewe lilikuwa kongwe kuliko vita hiyo. Mwaka 1898 huko New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyogeuka na kuwasha taa zake kwa amri ya mawimbi, na akapewa hataza ya uvumbuzi huo mwezi Novemba mwaka huohuo. Lakini mashua ikikosea inagonga ukingo, na ndege ikikosea inaanguka, kwa hiyo safari ilichukua muda. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege kamili isiyo na rubani, iliyoitwa Queen Bee, yaani malkia wa nyuki, ya kufanyia askari mazoezi ya shabaha. Aliyekuwa chini aliiamuru kwa kuzungusha kisahani cha namba kama kile cha simu za zamani. Wanahistoria wengi husema neno droni, ambalo kwa Kiingereza ni dume la nyuki, lilianza kutumika kwa ndege kutokana na malkia huyo.

Watu wa kawaida walikuja baadaye kidogo. Mwaka 1937 ndugu wawili mapacha wa jimbo la Michigan, Marekani, Walter na William Good, waliirusha kwa redio ndege yao ya mfano waliyoiita Guff. Leo imo katika jumba la makumbusho la anga la Marekani. Kwa miaka mingi baada ya hapo, wapenzi wa mchezo huu walitumia rimoti yenye kibonyezo kimoja tu. Bonyeza mara moja, usukani wa mkia unakwenda kulia. Bonyeza mara mbili, unakwenda kushoto. Achia, unarudi katikati. Nguvu ya kuuvuta usukani huo ilitoka kwenye ukanda wa mpira uliosokotwa ndani ya ndege. Aliyesahau kuusokota kabla ya kuruka alijikuta anabonyeza mpaka kidole kinauma, na ndege inakwenda itakako. Ndipo ikazuka desturi ya kumtuma mwenzako aibebe ndege hadi mbali, wewe ukibonyeza na yeye akipunga mkono kila usukani unapotii. Desturi hiyo haijafa mpaka leo.

Kisha ikarudi ileile shida ya Rufiji. Rimoti zilipozidi, watu wawili katika kiwanja kimoja walijikuta wamo kwenye masafa mamoja. Wa pili akiwasha rimoti yake huku ndege ya wa kwanza iko juu, ndege hiyo inapata mabwana wawili, na aghalabu ilikufa papo hapo. Wakagawana chaneli, kila rimoti na kristali yake. Kiwanjani wakatundika ubao wenye vibanio, vingine vikiwa ni vibanio vya nguo hasa kama vya kamba za nyumbani kwetu, kila kimoja na namba ya chaneli. Sheria ilikuwa kali: hukushika kibanio, huruhusiwi kuwasha. Miaka ya 1970 ikaja balaa nyingine huko Ulaya, pale redio za madereva wa malori zilipovamia eneo la megahezi 27 lililokuwa likitumiwa na wachezaji. Dereva anamsalimu mwenzake barabarani, na ndege inaanguka shambani. Waingereza wakahamia megahezi 35, Wamarekani walikuwa na eneo la 72.

Dawa ilipatikana katikati ya miaka ya 2000, zilipokuja rimoti za gigahezi 2.4 ambazo hutawanya mawimbi yake au kurukaruka kutoka masafa hadi masafa, rimoti na kipokezi vikifuatana kwa mpango wa siri baina yao. Wazo la kurukaruka nalo lina historia yake ya kuchekesha. Mwaka 1942 mcheza sinema maarufu Hedy Lamarr, pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil, walipata hataza ya kuongoza topido kwa namna hiyo, wakitumia karatasi zenye matundu kama zile za piano zinazojipiga zenyewe. Jeshi la Marekani halikuwajali wakati ule.

Kwa hiyo, rimoti ya kijana wetu haihitaji kibanio cha nguo. Inahitaji kuoanishwa na kipokezi kilichomo ndani ya ndege, ili vitambuane na visimsikilize mwingine. Mimi nimelipenda neno hilo, maana ni kama ndoa. Lakini kama zilivyo ndoa, kutambuana peke yake hakutoshi.

Siku iliyofuata tulikaa barazani, ndege iko mezani, pangaboi limetolewa kabisa. Hilo la pangaboi nawasihi wazazi mlishike, kwani mota ya umeme haingurumi kabla ya kuuma. Kijiti kikiguswa kwa bahati mbaya, vidole vinaondoka. Nilimwambia asimame nyuma ya ndege, atazame kule inakotazama, kwa sababu ukiikabili uso kwa uso, kulia kwako ni kushoto kwake, na ugomvi unaanzia hapo. Akasukuma kijiti cha kulia upande wa kulia. Kibao kilichoko nyuma ya bawa la kulia kilitakiwa kiinuke, na cha kushoto kishuke. Kikashuka cha kulia. Tukatazamana. Kumbe ndege ilikuwa imemtii sawasawa ile Jumapili, ikitekeleza kinyume cha alichotaka kila mara alipoamuru. Ndani ya rimoti mna mahali pa kugeuza mwelekeo wa kila chaneli, na kazi hiyo haikuchukua dakika moja.

Tukaendelea. Kijiti kikivutwa kuelekea tumboni, kibao cha mkia kinapaswa kuinuka, na ndege itainua pua. Hicho kilikuwa sawa. Tukakuta pia kwamba rimoti ina kumbukumbu za ndege kadhaa, na iliyokuwa imechaguliwa siyo ya ndege hii. Mjomba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, nayo ikaja na mipango ya mwenyewe wa zamani. Na kuna suala la mtindo. Rimoti nyingine huweka nguvu ya mota kwenye kijiti cha kushoto, nyingine kulia. Mkubwa wa kazi hana shida na lolote kati ya hayo, ila anayeanza achague mtindo wa yule atakayemfundisha, la sivyo siku mwalimu atakapoinyakua rimoti kumwokoa, mikono yake itakosea.

Halafu lipo lile la kujiuliza, mawimbi yakikatika itakuwaje? Rimoti za siku hizi hukuruhusu kuamua mapema ndege ifanye nini ikipotelewa na sauti ya bwana wake. Isipoambiwa, yaweza kubaki na amri ya mwisho, na kama amri ya mwisho ilikuwa nguvu zote, itakwenda kwa nguvu zote mpaka ikutane na kitu. Tukaipangia mota izimike. Tukajaribu kwa kuizima rimoti makusudi, ndege ikiwa imeshikwa na pangaboi halipo, mota ikanyamaza. Jaribio hilo hufanywa mara moja kwa makusudi. Siku nyingine zote kanuni ni kuwasha rimoti kwanza, ndege baadaye. Na wakati wa kumaliza ndege izimwe kwanza, rimoti mwisho. Kanuni hiyo nayo ni urithi wa mitambo ya zamani, ambayo ikiachwa bila bwana ilisikiliza kila kelele ya angani na kuruka yenyewe mikononi mwa watu.

Na betri, ambayo kijana aliitaja peke yake, kweli ina nafasi yake. Za rimoti zijae. Zile bapa za ndege zisiachwe juani kwenye kioo cha gari, maana joto la Dar es Salaam huzivimbisha, na betri iliyovimba ni kibiriti kinachosubiri. Joto hili hili liliwahi kuzishinda ndege za Waingereza.

Lipo jambo jingine ambalo rimoti haiwezi kulipanga. Hapa Mtoni si mbali na Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, wala si mbali na bandari ya Kurasini. Nchi yetu ina kanuni za vyombo vya angani visivyo na rubani, zilizotungwa mwaka 2018, na shughuli hizo ziko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, pamoja na kibali kutoka Wizara ya Ulinzi. Wapo vijana wanaoona ni usumbufu tu. Mimi sikubaliani nao. Mwaka 2015 ndege za namna hiyo zilirushwa juu ya mitaa ya Dar es Salaam kutengeneza ramani za maeneo ya mafuriko katika mradi wa Ramani Huria, na mwaka 2018 chombo kisicho na rubani kilijaribiwa kupeleka dawa Ukerewe kutoka Mwanza, kilometa 60 kwa dakika 40. Hao waliomba ruhusa, na walipewa. Aliye na ndege ya kuchezea aulize kabla, aelezwe inamhusu kwa kiasi gani, na atafute uwanja mpana ulio mbali na nyumba za watu. Kiwanja chetu cha mpira si mahali pake, nami nilipaswa kulisema hilo kabla ya Jumapili ile, kwani nilikuwapo nikitazama kama wengine.

Kijana amekwenda kuuliza na anasubiri jibu. Pangaboi jipya bado limo kwenye mfuko wake wa nailoni. Juzi jioni alikuja kuniomba nimshikie ndege. Akaiweka rimoti kwenye hali ya kupunguza nguvu za mawimbi, akarudi nyuma akihesabu hatua hadi 30, huku akisukuma vijiti, nami nikipunga mkono kila kibao kilipoinuka upande uliotakiwa. Kwenye hatua ya 22 kibao cha mkia kilisita. Tukakuta antena ya kipokezi imekunjwa chini ya betri. Tukaitoa, tukaibandika mbali na betri, naye akaanza kuhesabu upya kutoka moja.